Kabla Gari la Zege Halijafika

Kama umenunua nyumba Winnipeg, au ng'ambo ya mpaka kule Grand Forks na Fargo, na njia yako ya gari imepasuka, usianze kwa kuuliza bei ya zege. Anza kwa kujiuliza maji ya mvua ya uwanja wako yanakwenda wapi.

Zege lenyewe ni sehemu nyepesi ya kazi hii. Linakuja limeshapimwa na kuchanganywa kiwandani, na asubuhi moja inatosha kulimwaga na kulisawazisha. Kinachokuja kuliharibu kiko chini yake na juu yake, na karibu mara zote ni maji: yaliyonywewa na udongo, yaliyoganda, yaliyoongezwa kwenye mchanganyiko ili fundi apate wepesi, au ya chumvi yanayodondoka kutoka chini ya gari mwezi wa Januari. Naandika hasa kwa ndugu zetu waliohamia huku kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya. Baadhi yao ni mafundi waliobobea, na inaniuma kuona mazoea yaliyowapa sifa Bukavu au Mwanza yakiwaharibia kazi Manitoba.

Tuanze na ardhi. Miji ya bonde la Red River imejengwa juu ya sakafu ya ziwa la kale. Barafu kuu iliyofunika Kanada ilipoyeyuka, maji yake yalituama katika ziwa ambalo wanajiolojia wameliita Agassiz, na tope laini lililotulia chini ya ziwa hilo ndilo udongo wa mfinyanzi tunaouchimba leo. Chini ya Winnipeg unaweza kushuka mita kumi na zaidi ukiwa bado ndani yake. Oktoba 1913, huko Transcona, ghala kubwa la nafaka la shirika la reli la Canadian Pacific, jipya kabisa, lilikuwa likijazwa ngano kwa mara ya kwanza. Lilianza kudidimia, na kwa muda usiozidi siku moja likawa limeinama takriban nyuzi 27. Zege lake lilibaki zima; udongo ndio ulioshindwa kubeba. Wahandisi wakachimba chini yake, wakalinyanyua, wakaliegemeza juu ya nguzo zilizofika kwenye mwamba, nalo likaendelea kutumika.

Njia yako ya gari haina uzito wa ghala la ngano, kwa hiyo haitazama namna hiyo. Tatizo lako ni kuvimba na kusinyaa. Waliojenga Embakasi au Athi River wanaujua udongo mweusi wa pamba, na Usukumani kuna udongo wa mbuga: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unavimba na kung'ang'ania buti. Huu wa huku ni ndugu yake. Nairobi dawa inajulikana: chimba wote utoe, jaza moramu, shindilia. Winnipeg hakuna wa kukuhamishia mita kumi za udongo kwa ajili ya maegesho ya gari mbili. Itabidi uishi nao, na utaishi nao vizuri kama unyevu wake haupandi na kushuka ovyo.

Kisha inakuja baridi. Wastani wa joto la Januari Winnipeg ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri, na ardhi inayosafishwa theluji kila siku, kama njia ya gari inavyosafishwa, hupoteza blanketi lake na kuganda mpaka karibu mita mbili kwenda chini, miaka mingine zaidi ya hapo. Mwaka 2014 baridi ilishuka hadi kwenye mabomba ya maji ya mji, na nyumba nyingi zilikosa maji kwa wiki kadhaa.

Watu hudhani ardhi inanyanyuka kwa kuwa maji yaliyomo yanatanuka yakiganda. Ni kweli yanatanuka, kama asilimia 9, lakini hilo peke yake halinyanyui ngazi za mlango wako sentimita nne. Kinachotokea ni hiki: mpaka wa barafu ukitulia mahali ardhini, unavuta maji ya chini yapande kupitia vinyweleo vya udongo, yanagandia pale pale, na tabaka la barafu tupu linanenepa siku baada ya siku. Hilo ndilo linalonyanyua jamvi la zege, ngazi na nguzo za uzio. Machipuko linayeyuka kuanzia juu huku chini bado kumeganda, maji yanakosa pa kwenda, udongo unalegea kabisa, na gari lako linapita juu ya jamvi ambalo halina kinachoshikilia chini. Nyufa nyingi unazoziona mwezi wa Mei zimezaliwa hapo. Ili ardhi inyanyuke namna hii panahitajika mambo matatu: baridi, udongo wenye vinyweleo vya kuvuta maji, na maji yenyewe. Mawili ya kwanza hayamo katika uwezo wako. La tatu limo.

Kwa hiyo, wiki kadhaa kabla ya kumpigia fundi, simama nje mvua ikinyesha. Tazama maji ya gata yanamwagika wapi. Kama bomba la gata linaishia mguuni mwa ukuta, lirefushe mpaka angalau mita mbili kutoka kwenye nyumba, na lielekee mahali penye mteremko. Tazama kama uwanja umeinama kuelekea nyumbani. Nyumba za zamani nyingi zina kasoro hiyo, kwa sababu udongo uliorudishwa kuzunguka msingi umekuwa ukishuka taratibu. Rekebisha mteremko kwanza, kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri. Usitumie mchanga wala kokoto hapo kando ya ukuta, kwani vitayapeleka maji moja kwa moja kwenye msingi. Majira ya joto yakiwa makavu, utaona udongo umejitenga na ukuta ukaacha pengo. Lijaze kwa mfinyanzi huo huo, kisha weka mpira wa maji unaovuja polepole, kama nusu mita kutoka ukutani, jioni chache kwa wiki. Majirani wenye miaka mingi hapa hufanya hivyo ukame unapokaza, na wana sababu.

Miti nayo inahusika. Mti mkubwa wa elm, na mitaa ya Winnipeg imejaa elm, unafyonza maji mengi kiangazi na kuusinyaza udongo wa upande wake mmoja, jamvi likainamia huko. Usikimbilie kuukata. Udongo uliokaushwa na mti kwa miaka hamsini ukiachwa ghafla bila mti utarudisha maji na kuvimba, na hapo utapata tatizo la upande wa pili.

Nigusie kidogo ndani ya nyumba, maana zege la chumba cha chini ya ardhi huwatia watu hofu isiyo na msingi. Nyumba nyingi za Winnipeg zina nguzo za chuma zenye skrubu juu, zinazobeba boriti kuu. Ziliwekwa hivyo makusudi, kwa kuwa waliojenga walijua udongo utacheza, na nyumba ingehitaji kusawazishwa mara kwa mara. Sakafu ya zege humo ndani mara nyingi imelala tu juu ya udongo bila kuunganishwa na kuta, na ufa mwembamba katikati yake ni jambo la kawaida. Ufa wa kuhangaikia ni ule wa mlalo kwenye ukuta wa msingi, hasa kama ukuta umeanza kutokeza ndani. Huo mwite mhandisi, na usimruhusu mtu akuzibie kwa plasta kabla mhandisi hajauona.

Sasa tuchimbe. Kwanza piga simu kwa huduma ya kuonyesha mabomba na nyaya zilizofukiwa. Marekani namba yake ni 811, na Manitoba pia huduma hiyo ipo. Ni ya bure, na bomba la gesi halimsamehe mtu. Uliza manispaa kuhusu kibali, hasa kwa kile kipande kinachounganisha njia yako na barabara, ambacho kwa kawaida ni mali yao.

Chini ya jamvi la magari ya kawaida mimi nataka kokoto zilizoshindiliwa zisizopungua milimita 150, na juu ya mfinyanzi mlaini nataka 300. Hapa ndipo wakandarasi wa bei poa wanapopunguzia, kwa sababu ndipo usipoweza kuona baada ya siku ile. Kama pesa haitoshi, punguza upana wa njia. Njia nyembamba yenye kitanda kinene itakufaa miaka mingi. Pana iliyolala juu ya tope haitamaliza mitano ikiwa nzuri.

Lakini unene wa kokoto peke yake hautoshi. Ukichimba shimo kwenye mfinyanzi na kulijaza kokoto, umetengeneza karai. Mvua inapenya kwenye viungo na kingo, inajaa kwenye kokoto, na mfinyanzi hauipitishi. Novemba karai limejaa, Desemba linaganda. Kwa hiyo sakafu ya shimo lenyewe lazima iwe na mteremko, asilimia 2 hivi, na upande wake wa chini uwe na njia ya maji kutokea: bomba lenye matundu lililozungushiwa kitambaa cha kuchujia, au tabaka la kokoto linaloendelea mpaka kwenye mfereji. Juu ya mfinyanzi tandika kitambaa cha kutenganisha udongo, kinachouzwa kwa mafungu madukani, ili kokoto zisimezwe na tope. Kokoto ziwe za kupondwa, zenye ncha za kushikana, na vumbi kidogo. Zile zenye vumbi jingi huvuta maji kama udongo wenyewe. Shindilia kwa mashine, tabaka za milimita 100 hadi 150 kila moja. Na kama mvua imenyesha na mfinyanzi unachezacheza chini ya buti, simamisha kazi. Mashine ikipita juu ya mfinyanzi uliolowa inauvuruga tu.

Kuagiza zege ni simu fupi, ila ujue la kusema. Waambie unataka zege la nje, la kustahimili kuganda na kuyeyuka kwa maji na kupakwa chumvi. Viwango vya Kanada vinaliita daraja C-2: nguvu ya megapaskali 32, maji yasiyozidi kilo 45 kwa kila kilo 100 za saruji, na hewa kati ya asilimia 5 na 8. Fargo watakutajia paundi 4,500 kwa inchi ya mraba, na ni karibu kitu kile kile.

Hiyo hewa ndiyo inayowashangaza mafundi wetu. Kwetu tunalitingisha zege kuitoa hewa, huku wanaiweka kwa dawa maalumu. Ni viputo vidogo mno, vimetawanyika kila mahali, na maji yanapotanuka kwa kuganda hupata nafasi humo badala ya kulipasua zege. Iligunduliwa kwa bahati nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, pale ilipoonekana kuwa barabara fulani zilikuwa zikistahimili baridi kuliko nyingine, na zilizostahimili zilikuwa na saruji iliyosagwa pamoja na mafuta kidogo ya wanyama. Bila hewa hiyo, zege la nje hapa halidumu hata liwe na nguvu kiasi gani.

Kuna jambo jingine la kuuliza: saruji inayostahimili salfeti. Udongo wa nyanda hizi una chumvi za salfeti zinazokula saruji ya kawaida, na kwa zege linalozikwa, yaani msingi, nguzo, kuta za chini, hilo ni la lazima. Elimu hiyo ilipatikana hapa hapa. Thorbergur Thorvaldson, mzaliwa wa Iceland aliyekulia Manitoba na kufundisha kemia Chuo Kikuu cha Saskatchewan, aliifanyia utafiti miaka ya 1920, baada ya misingi ya zege ya eneo hili kuanza kumomonyoka ardhini.

Siku ya kumwaga, jamvi liwe na unene wa milimita 100 kwa magari madogo, 125 hadi 150 kama litapitiwa na lori. Nondo zikae katikati au juu kidogo ya katikati, juu ya viti vyake. Desturi ya kuzilaza chini kisha kuzivuta juu kwa ndoano zege likishamwagwa imeziacha nondo nyingi zikioza ndani ya kokoto. Pale jamvi linapokutana na ukuta wa nyumba au ngazi, weka ubao laini wa kutenganisha wa milimita 12, ili kila kimoja kicheze peke yake.

Dereva wa gari la zege atakuuliza kama zege liongezewe maji. Kataa. Zege la majimaji linatandazika kwa raha, na kila lita ya ziada inaondoa nguvu na kuacha vinyweleo vya kunywa maji baadaye. Kama ni gumu kulisawazisha, kiwanda kinaweza kuweka dawa ya kulilainisha bila maji, mradi uliagiza mapema.

Na hapa nawasemesha mafundi wenzangu waliozoea kupiga niru. Sakafu ya niru ni fahari yetu: unanyunyiza saruji kavu, unakandamiza kwa mwiko wa chuma mpaka sakafu inang'aa. Ndani ya nyumba ni nzuri. Nje, kwenye baridi hii, inaua kazi. Mwiko wa chuma unafunga uso wa zege, unavunja viputo vya hewa vya juu, na unazuia maji yanayopanda yasitoke, yakabaki chini ya ngozi nyembamba ya saruji. Baridi ya kwanza ikipita utaikuta ngozi hiyo ikibanduka vipande vya unene wa sarafu, kokoto zikiwa wazi chini yake, na mwenye nyumba atasema uliiba saruji. Baada ya kusawazisha kwa ubao, subiri. Inama utazame uso wa zege kwa pembeni, jua likiwa mbele yako. Ukiwa bado unang'aa, maji yanapanda, usiguse. Ule mng'ao ukitoweka, kanyaga ukingoni: kiatu kikizama kama milimita 6 na maji yasijae katika alama yake, pitisha mwiko wa mbao au wa magnesi mara moja, kisha ufagio, basi. Mistari ya ufagio inatosha kwa urembo, tena watu hawatateleza. Saa hiyo ya kusubiri ndiyo inayomtambulisha fundi anayeijua nchi hii.

Viungo vikatwe mapema, jioni ile ile au asubuhi inayofuata, mara tu msumeno unapopita bila kung'oa kokoto. Kina kiwe robo ya unene wa jamvi, nafasi kati ya kiungo na kiungo isizidi mita tatu, na vipande vikaribiane na mraba. Ukichelewa, zege litachagua lenyewe pa kupasukia. Halafu lifunike au ulipulizie dawa ya kuzuia kukauka, siku saba. Gari lisikanyage kabla ya siku hizo saba kwisha.

Kuhusu majira, nashauri kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Septemba. Aprili jua linadanganya. Juu kumekauka, nusu mita chini ni barafu, na zege halimwagwi kamwe juu ya ardhi iliyoganda. Oktoba inawezekana, ila inataka blanketi maalumu za kufunikia na mtu wa kuamka usiku kupima joto. Zege changa likiganda kabla halijafikia megapaskali 3.5 linaweza kupoteza hadi nusu ya nguvu yake, na hakuna dawa ya kuirudisha. Akikuambia mtu kwamba ataweka kloridi ya kalsiamu liwahi kukauka, kumbuka kwamba kloridi inakula nondo. Zipo dawa zisizo na kloridi. Hata likinusurika, zege la Oktoba linaingia baridini likiwa limejaa maji, wakati lingehitaji kama mwezi mmoja wa kukauka hewani. Mimi ningesubiri mpaka mwaka unaofuata, hata kama fundi anapunguza bei. Anapunguza kwa sababu msimu wake umekwisha.

Baridi ya kwanza usiweke chumvi kabisa. Mwaga mchanga. Waambie watoto na wageni, maana mara nyingi chumvi huletwa na mtu mwenye nia njema aliyeona barafu mlangoni. Yale mabonge ya theluji chafu yanayong'ang'ania nyuma ya magurudumu yamejaa chumvi ya barabarani. Yagonge yadondoke kabla hujaingiza gari, au yafagie mara yanapoanguka. Soma mfuko wa dawa ya kuyeyushia barafu, na ukiona nitrati au salfeti ya amonia, rudisha dukani, kwani hizo zinaishambulia saruji yenyewe, iwe changa au ya zamani. Mbolea nyingi za bustani zina kemikali hizo hizo, kwa hiyo ukirutubisha majani, fagia punje zote zilizoangukia kwenye zege kabla mvua haijazilowesha. Zege likishatimiza mwezi na likiwa kavu kabisa, lipake dawa ya kuzuia maji ya aina ya saileni, inayoingia ndani ya vinyweleo na kuacha mvuke utoke. Zile zinazoacha utando wa kung'aa juu hufungia unyevu ndani. Rudia kila baada ya miaka michache, siku maji ukiyamwaga juu ya zege yanapoanza kunywewa badala ya kutiririka.